Wavu wa Mwisho

Kama bado unaamini kwamba mapenzi huchagua mahali pazuri pa kuzaliwa, basi hujawahi kupita nyuma ya mabwawa ya majitaka alfajiri. Harufu inakupokea kabla ya mlinzi wa geti. Ndiko huko, kwenye njia za matope katikati ya matete, Mama Ndege na Masikio walikopendana, na ndiko huko Mama Ndege alikokwenda asubuhi ile akiwa amevaa blauzi mpya ya rangi ya maziwa, huku akijua kabisa kwamba ndege wa kwanza ataichafua.

Blauzi ilikuwa na sababu yake. Mama yake Masikio alikuwa anakuja.

Mwaka mzima yule mama hakutaka hata kusikia habari za mwanamke huyu anayemtoa mwanawe kitandani kabla ya jogoo. Sasa alikuwa amekubali kuja kumwona akiwa kazini, na akishamwona angetoa neno lake. Masikio ndiye mtoto pekee aliyembakia, maana mkubwa alikwishamzika. Bila radhi ya mama hapakuwa na ndoa, hilo kila mtu alilijua. Lakini Masikio alikuwa ameongeza lake, na hilo ndilo lililomkosesha Mama Ndege usingizi.

"Mama akikubali, tunaoana," alikuwa amemwambia. "Akikataa, nafunga begi moja nakuja kwako, na nyumbani sirudi tena."

Alilisema akicheka. Mama Ndege hakucheka, kwa sababu alimjua. Masikio akishasema ameshasema.

Majina hayo walipewa na mlinzi wa geti, mtu mwenye maneno mengi kuliko funguo. Masikio aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kurekodi sauti za ndege na vyura na kila kinachopumua pale mabwawani, na kutwa nzima huwa amevaa vile vifuniko vikubwa vya masikioni. Ana sahani ya plastiki yenye maikrofoni katikati; akiielekeza ng'ambo ya bwawa anaweza kumsikia mlinzi akikoroma getini. Mama Ndege yeye huwanasa ndege kwa nyavu, akawapima, akawavisha pete nyepesi mguuni yenye namba, kisha akawaachia, ili siku mmoja akinaswa tena ijulikane ametoka wapi na ameishi kiasi gani. Mlinzi alilitoa lile jina kwa heshima tupu. Hakujua kwamba mwenye jina aliolewa miaka saba akarudishwa kwao bila mtoto. Siku ya kwanza alipoitwa "mama" alitabasamu vizuri, akaenda kulia nyuma ya chumba cha pampu.

Asubuhi ile giza lilikuwa bado halijaondoka vizuri walipotundika nyavu tatu, mmoja kwa kila njia, nyuzi zake nyembamba hata ukisimama mbele yake huzioni.

"Blauzi hiyo," alisema Masikio, badala ya salamu.

"Imefanya nini?"

"Yenyewe haijafanya kitu. Mimi ndiye niliyefanywa."

"Kaza kamba huko, acha maneno."

Alikaza kamba, lakini macho hakuyaondoa. Mama Ndege alijifanya anahangaika na fundo ambalo lilikwishafungwa. Alimpenda mwanaume huyu mpaka alikuwa anaogopa, na hofu yenyewe ilikuwa tamu, kama ile ya kusimama karibu na maji mengi.

Kabla ndege hawajaguswa, Masikio huwa anarekodi kwanza. Dakika kumi, pale pale, kila mara. Akibonyeza kitufe hakuna anayesema, hakuna anayekohoa, hakuna anayekanyaga jani. Akimaliza anainua mkono wake wa kulia juu, na hapo ndipo watu hurudishiwa midomo yao. Ndivyo wanavyofanya siku zote.

Alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza, mara mlinzi akatokea kwenye kona akiwa na mgeni. Mama wa makamo, mtandio wa bluu, viatu vizuri mno kwa matope yale. Mlinzi alifungua mdomo atangaze. Masikio akageuka, akaweka kidole mdomoni.

Mlinzi, aliyekwishazoea, aliganda mdomo ukiwa wazi. Mama mtu naye akaganda, kwa mshangao tu wa kunyamazishwa na mtoto aliyemzaa.

Basi wakasimama. Jamani, hebu fikiria wewe: umekaa mwaka mzima ukimngoja mtu, umeipanga salamu yako, umeirudia njiani, halafu unatakiwa umtazame dakika kumi bila hata shikamoo. Ndege waliamka mmoja mmoja. Yule mama aliitazama blauzi. Akaitazama mikono. Akautazama uso, na uso ulionekana kumpendeza, maana mdomo wake ulilegea kidogo. Kisha macho yakashuka hadi tumboni, yakakaa hapo, yakaondoka.

Mama Ndege aliyajua macho ya namna ile. Aliishi nayo miaka saba.

Masikio akainua mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe huyu anaweza kunyamazisha watu! Nyumbani hata kufunga bomba la maji hawezi." Akacheka, na mlinzi akacheka, na Mama Ndege akajikuta anacheka kwa sauti iliyomtoka juu juu. Mlinzi akarudi getini kwake.

Walimkalisha mgeni kwenye kiti pekee chenye mgongo, wakammiminia chai ya chupa. Mezani kulikuwa na mzani mdogo, rula na koleo la kufungia pete. Pembeni, vifuko vya kitambaa vilining'inia kwenye misumari, kila kimoja kikichezacheza na ndege aliyetoka kutolewa wavuni.

Wa kwanza alikuwa shore. Mama Ndege alimshika shingo katikati ya vidole viwili, kwa ustadi ule usiokaza wala kulegeza, na kabla hajamgusa mguu, shore akajisaidia kwenye blauzi mpya, kifuani kabisa.

Yule mama alicheka mpaka chai ikamwagika. "Huyo ameshakukubali! Mimi bado nafikiria, mwenzangu ameshasaini."

Masikio alimtazama Mama Ndege kwa furaha isiyojificha. Naye, Mungu amsamehe, aliamini. Kwa muda mfupi pale mezani aliiona nyumba, akamwona huyu mama jikoni kwake akimsema kwamba chumvi imezidi.

Wa pili alikuwa mnana jike, manyoya ya mkia yamepinda upande mmoja. Mama Ndege alimgeuza, akamleta karibu na mdomo, akampuliza tumboni taratibu. Manyoya yakaachana.

"Unampoza?" aliuliza mgeni.

"Namwangalia, Mama. Njoo uone. Unaona hapa pasipo na manyoya? Ngozi imekunjamana, ina joto. Huyu ana mayai. Akitaka kulalia, manyoya ya hapa humtoka ili mayai yapate joto la mwili wenyewe."

Yule mama aliinama. Alitazama kwa muda mrefu. "Masikini," alisema polepole. "Kumbe na wao."

"Wenye mayai tunawaachia kabla ya wote. Hawasubiri foleni. Mayai yasipoe."

"Kumbe hata kwenu huku mwenye watoto anatangulia," alisema yule mama.

Sidhani kama alikusudia kuumiza. Neno lilimtoka tu kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Lakini Masikio alishtuka. Mama Ndege alifunga pete haraka, akapima bawa, kisha akasema, "Mama, utamwachia wewe?"

Akamweka ndege kwenye viganja vya yule mama. Mnana alitulia pale, moyo ukipiga. Mama yule alibana pumzi kama msichana. Alipofungua mikono, ndege aliondoka mara moja, chini chini, kuelekea kwenye matete.

"Ameenda kwake," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe, hizo nyavu nyingine haziangaliwi? Nenda. Niache niongee na mwenzako."

Masikio alimtazama Mama Ndege. Akachukua sahani yake na vifuniko vyake, akaondoka. Nyavu lazima zizungukiwe bila kuchelewa, jua likishaanza kuchoma ndege haachwi ndani. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

"Kaa, mwanangu," alisema yule mama. Mama Ndege akakaa juu ya kreti. "Nilikuja nikiwa nimejiandaa kukuchukia. Umeniharibia."

"Basi usinichukie, Mama."

"Sikuchukii. Hilo ndilo tatizo." Alikizungusha kikombe. "Nimesikia kwa nini ulirudishwa kwenu. Mimi nami nilikaa miaka tisa ukweni bila mtoto. Ulijua?"

"Hapana."

"Hata mwanangu hajui. Miaka tisa. Mama mkwe wangu alikuwa akinipa chakula kwenye sahani ya peke yangu. Akipita nyuma yangu anaguna. Hakunitukana hata siku moja, aliguna tu. Nilipopata wa kwanza nilimwonyesha kama mtu anavyomwonyesha polisi kitambulisho."

"Basi unajua, Mama. Unajua kuliko mtu yeyote."

"Ndiyo maana nakataa." Sauti yake ilikatika, akaikusanya. "Nisikilize. Leo nitakupenda. Mwaka kesho nitakupenda. Mwaka wa tatu nitaanza kukutazama tumbo, na nitaanza kuguna. Najijua. Nimebaki na mtoto mmoja, nataka niache mtu duniani. Nitakuwa yule mwanamke, na wewe huna kosa. Sitaki kuwa yeye."

Ingekuwa ni matusi, Mama Ndege angejibu. Ingekuwa ni dharau, angeondoka na heshima yake. Lakini ukweli uliosemwa kwa upole namna ile unaujibu na nini? Aligeuza uso upande wa bwawa ili asilie mbele ya mgeni, na ndipo alipoiona.

Juu ya matete, karibu na wavu wa kati, ukingo wa sahani ya plastiki uling'aa kwa jua. Haikuelekezwa bwawani wala mitini waliko ndege. Ilielekezwa mezani.

Masikio alikuwa anasikiliza. Kila neno. Sasa hivi alikuwa ameshasikia kwamba mama yake amekataa, na Mama Ndege aliliona lile begi moja kama limewekwa pale juu ya meza. Leo hii hii angelifunga. Angemwacha mama huyu na kikombe chake mkononi, hana mtoto hata mmoja, na angefanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Alivuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akasema, polepole, akiyatamka maneno vizuri kama mtu anayerekodiwa:

"Mama, usijisumbue. Mwanao nimemzoea tu. Kazi imetuweka pamoja, na upweke nao una mambo yake. Akiondoka nitapata mwenzangu mwingine wa kushika kamba. Simpendi vya kugombanisha mtu na mama yake."

Yule mama alimtazama kwa mshangao. "Kweli?"

"Kweli, Mama."

Ukingo wa sahani ulishuka, ukapotea nyuma ya matete.

Jua lilipanda mpaka likafika kwenye mguu wa meza, ndipo Mama Ndege akashtuka. Nyavu! Alisimama, na wakati huo huo Masikio akatokea njiani. Hakukimbia. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji.

"Wavu wa mwisho," alisema.

Ndani ya kofia alikuwemo mnana. Uzi ulikuwa umemzunguka shingoni, jua likamalizia. Mkia wake ulikuwa umepinda upande mmoja.

"Si yule?" aliuliza mama. "Siye huyu niliyemwachia mimi?"

Mama Ndege alisoma pete, ingawa hakuhitaji kuisoma. "Ndiye."

"Nilimfungulia kwa mkono wangu. Alikuwa anakwenda kwake." Alishika mtandio kwa ngumi. "Na mayai yake? Baba yao hatayalalia?"

"Kwa hawa, hapana, Mama. Ni jike peke yake."

Yule mama alilia. Alilia kama mtu aliyekuwa akitafuta sababu siku nyingi. Kisha akapangusa uso, akamgeukia mwanawe kwa ukali. "Si nilikutuma wewe? Ulikuwa wapi?"

Masikio alifungua mdomo. Mama Ndege akamkata kwa jicho, lile lile la kunyamazishana wakati wa kurekodi.

"Ni kosa langu, Mama," alisema. "Nyavu ni zangu."

Huo ulikuwa uongo wake wa pili asubuhi ile, na ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Pale mabwawani wana sheria moja ambayo haina mjadala. Ndege akifia mikononi mwao, nyavu zote zinafungwa, kazi ya siku imekwisha. Waliwaachia waliobaki vifukoni, wakaenda kukunja. Wavu hukunjwa na watu wawili: kila mmoja anaanzia kwenye mti wake, wanakusanya nyuzi wakisogeleana, mpaka wanakutana katikati. Mara ngapi walikuwa wamekutana hivyo wakicheka! Leo walifika kwenye ule wa mwisho wakitazama nyuzi tu.

"Umesikia," alisema Mama Ndege, akianza kukunja.

"Nimesikia. Na ndege nimemuua mimi, nilikuwa nimesimama pale kama mjinga."

"Niliiona sahani."

Masikio aliacha kukunja. "Kwa hiyo maneno yale ulikuwa unaniambia mimi."

"Nilikuwa namwambia Mama."

"Acha. Unajua nimekusikiliza mara ngapi kwa vifaa hivi? Nasikia mpaka unavyomeza mate. Ukitaka kudanganya huwa unavuta pumzi kwanza. Leo umevuta mara mbili."

"Basi kama unajua, nyamaza."

"Sinyamazi. Sema nibaki. Sema neno moja tu, Mama yuko pale mezani, namfuata sasa hivi namwambia."

"Halafu?"

"Halafu tunaishi."

"Tunaishi na nani katikati yetu?" Sasa alikuwa analia wazi wazi, huku mikono ikiendelea kukunja, kwa kuwa uzi ukiachwa unajisokota. "Siku moja ataondoka duniani hamjasemezana. Utarudi kutoka mazishini, utaniangalia. Hutasema kitu, wewe si mtu wa kusema. Utaniangalia tu. Mpenzi wangu, nimeshaangaliwa vya kutosha."

Alikuwa hajawahi kumwita mpenzi wangu. Alikuwa akilitunza neno hilo kwa siku ya maana.

Walikutana katikati. Nyuzi zote zilikuwa mikononi mwao, na kwa muda vidole vyao vilikuwa humo humo, haijulikani cha nani ni kipi. Masikio aliegemeza paji la uso wake kwenye la mwenzake. Alinuka matope na chai. Mama Ndege alimwacha hapo mpaka alipohisi kwamba akimwacha zaidi hatamtoa tena, kisha akachomoa mikono yake, akafunga kamba.

Mezani, yule mama alikuwa amesimama tayari, na mnana ameshamfunika kwa majani. Alimshika Mama Ndege mikono yote miwili. "Una mikono mizuri, mwanangu. Unisamehe."

"Mama, mwangalie ale," alisema Mama Ndege. "Akiwa na huzuni hagusi chakula kabisa. Atakwambia ameshiba, usimwamini. Kaa naye mpaka amalize."

Alilisema kabla hajajizuia. Mtu aliyezoewa tu, nani anafuatilia chakula chake? Yule mama alimtazama, na taratibu uso wake ukabadilika, na Mama Ndege akajua kwamba ameelewa yote. Aliibana ile mikono kwa nguvu, mpaka ikauma. Alitaka kusema kitu.

Badala yake aliiachia, akafunga mtandio wake, akaondoka na mwanawe.

Mama Ndege alibaki mezani na vifuko vitupu. Aliwatazama wakipita ukingo wa bwawa la kwanza, mama mbele akichagua pa kukanyaga, mtoto nyuma na vifaa vyake begani. Walipofika getini, mlinzi alimfungulia mama akatoka. Masikio hakutoka. Aligeuka. Aliinua sahani yake, akaielekeza kwake, akavaa vifuniko masikioni. Kisha akainua mkono wake wa kulia juu, kama anavyouinua kila alfajiri akishamaliza kurekodi, akangoja.

Hata kunong'ona kungetosha. Angesikia.

Neno lilikuwa kinywani, lote, limekamilika. Mama Ndege alibana midomo. Hakukohoa, hakukanyaga jani, na pumzi hakuivuta, maana hata hiyo angeisikia na angeielewa.

Mkono ulikaa juu muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akaushusha, na mlinzi akafunga geti.